Bi Oscarina wa Kigari cha Wagonjwa

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Kama umekaa mezani, endelea kula, uji wako wa asai usije ukachacha kwa ajili yangu. Kama uko njiani na redio iko kwenye kikapu cha baiskeli, shuka kidogo. Egemea uzio, usikilize. Anayezungumza ni Valdecir Brabo. Leo sauti yangu haiko sawa, mtanisamehe.

Alhamisi asubuhi, saa tatu, Bi Oscarina Lobato alifariki dunia. Alifia nyumbani kwake, njia ya kanisani, akiwa na miaka sabini na minne. Narudia kwa ajili ya walioko visiwani, ambao mawimbi yetu huwafikia yakikatika-katika: Bi Oscarina Lobato, yule wa kigari cha wagonjwa, hatunaye tena. Ijumaa tulimzika.

Hapa Santa Iria hatuna gari wala pikipiki. Barabara zetu ni mbao, mbao zimekaa juu ya nguzo, na nguzo zimekaa kwenye tope la mto. Mgonjwa akizidiwa hakuna dereva wa kupigiwa simu. Kwa miaka thelathini tulimpigia hodi Bi Oscarina.

Nianze mwanzo. Bi Oscarina hakuzaliwa mjini. Alizaliwa kandokando ya kijito, nyumba ya mwisho kabla ya msitu, baba yake akiwa mkwea michikichi ya asai, akiangua matunda yake. Dada yake, Bi Zulmira, ambaye mwaka huu ametimiza miaka themanini, alinisimulia juzi tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyumba ya msiba.

"Sisi tulikuwa watu wa mtumbwi," aliniambia. "Baiskeli tuliiona mara ya kwanza tulipokuja mjini na baba kuuza asai. Oscarina alikuwa na miaka kumi na moja. Akamfuata mwenye baiskeli mpaka barabara ilipoishia. Tulimtafuta hadi maji yakaanza kupwa, tukabaki na mtumbwi juu ya tope."

Baba yao alikasirika. Bi Zulmira anayakumbuka maneno yake. "Mtumbwi ukiacha kupiga kasia, unaelea. Hicho kidude ukiacha kukanyaga, kinakubwaga. Sasa kipi kina akili?"

Oscarina akamjibu: "Lakini baba, mtumbwi haufiki mlangoni kwa mtu."

Baba alilikamata kasia, wakarudi nyumbani.

Alipofika miaka kumi na minne alikuja kufanya kazi kwenye tanuri la mikate, na hapo ndipo alipojifunza kuendesha, kwa baiskeli ya kuazima. Mara ya kwanza aliparamia uzio, akatumbukia topeni hadi kiunoni. Waliokuwepo wanasema alikuwa ameiinua baiskeli ya watu juu ya kichwa isiguse maji, naye anazama taratibu, anaita watu waje waipokee kwanza baiskeli.

Kisha akaolewa na Jurandir, ambaye naye ametangulia. Jurandir alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyechukua baiskeli mbili, akaziunganisha ubavu kwa ubavu, magurudumu manne, akaweka viti na paa la turubai. Sasa hivi vigari hivyo vimejaa mji mzima, lakini cha Jurandir kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa. Goti lake likawa bovu. Basi mke akawa anakanyaga, mume amekaa nyuma.

Wanaume wa gatini hawakumwacha. "Jurandir, naona umepanda cheo. Umekuwa askofu?"

Naye, yule mtu wa maneno machache, akawajibu: "Askofu gani mnayemjua anaendeshwa na mrembo kama huyu?"

Wasikilizaji wapendwa, kama mlimfahamu Bi Oscarina mnajua kwamba alikuwa na maoni juu ya kila mtu anayepanda baiskeli. Hakuhitaji kukuuliza jina. Alitazama tu unavyopita. Anayepiga kengele kila hatua, alikuwa akisema, nyumbani kwake hasikilizwi. Ambaye baiskeli yake inang'aa kuliko sufuria zake, usimwazime pampu. Kijana akipita ameachia usukani, kifua mbele, Bi Oscarina alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, mikono umemwachia nani?" Lakini akipita mama na watoto watatu, mmoja mbele, wawili kwenye karia, na gunia la unga wa muhogo limening'inia pembeni, alisogea kando akampisha. "Hao ndio marubani," alisema. "Sisi wengine tunacheza."

Mwaka 1994, jirani yake alishikwa na uchungu mchana wa jua kali. Zahanati iko upande wa pili wa mji, karibu na gati. Bi Oscarina aling'oa viti vya nyuma, akatandika godoro, akamlaza. Hawakufika. Mtoto alizaliwa juu ya daraja dogo la sokoni, Bi Oscarina kashika mwavuli kwa mkono mmoja. Mtoto huyo anaitwa Oscarino, ni muuza samaki, na najua ananisikiliza. Oscarino, pole sana, ndugu yangu.

Tangu siku hiyo viti havikurudi. Jurandir akachomelea kitanda cha chuma, akafunga kengele ya mashua, yenye mlio ambao hauwezi kuufananisha na wa baiskeli yoyote. Kigari cha abiria kikawa kigari cha wagonjwa. Hakuna aliyemtuma. Watu walimwita, akaenda.

Sasa nafika mahali pagumu. Nimekaa kwenye kipaza sauti hiki miaka mingi, na jambo hili sijawahi kulisimulia.

Mwaka 2001, mwezi wa saba, ilikuwa sikukuu ya kamba, wale wa mtoni. Mnaijua sikukuu yetu. Mji unafurika, mashua zinakuja kutoka kila kisiwa, na barabara kuu inajaa baiskeli hadi huoni ubao. Saa tisa alasiri baba yangu, mzee Lourival Brabo, alishikwa na kifua nyumbani. Mama yangu akamwita Bi Oscarina. Bi Oscarina akamlaza baba kwenye kigari, akaingia barabara kuu, kwa sababu njia nyingine haikuwepo.

Alipiga kengele. Alipiga kelele. Watu walidhani ni shamrashamra. Wengine walimpungia mkono. Baba yangu alikata roho akiwa ndani ya kigari, mlango wa zahanati unaonekana. Hatua arobaini, si zaidi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa huko huko kwenye sikukuu. Habari zilinikuta gatini, nikakimbia. Nilimkuta Bi Oscarina amekaa kwenye ngazi ya zahanati, hana viatu, kidole cha mguu kinatoka damu, blauzi imelowa chapachapa. Nikamwambia mbele ya watu wote: "Kama huna miguu, si ukae nyumbani, mama mzee. Umemuua baba yangu."

Alinitazama usoni. Kisha akasema, "Pole, mwanangu." Basi, hakuongeza neno.

Alikuja kwenye maombi ya siku tisa, kila siku. Alikaa kiti cha karibu na mlango. Mimi nilipita mlango wa jikoni ili nisimsalimie.

Mwezi wa kumi mwaka huo huo ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa parokia. Ajenda ilikuwa moja: turuhusu pikipiki au tusiruhusu? Mzee Anacleto, mwenye duka la jumla, ndiye aliyeleta hoja.

"Tutakanyaga hadi lini?" aliuliza. "Wenzetu wameshakwenda mwezini. Sisi tunatoka jasho kwenda kununua mkate."

Kina mama wakamjibu kwamba pikipiki moja ikipita, nyumba tano zinatikisika na watoto wote wanaamka. "Utakuja kubembeleza wewe, Anacleto?"

Fundi Hildo, anayetengeneza barabara zetu, alisema kwa kifupi. "Mbao zangu zinabeba pikipiki moja. Ishirini hazibebi. Mtakuja kunifukua topeni."

Kisha macho yote yakamgeukia Bi Oscarina. Tulijua atasema nini. Nani angeitetea baiskeli kama si yeye?

Alisimama akasema, "Mimi nataka injini."

Watu wakageuziana nyuso.

"Nimechoka," akaendelea. "Magoti yangu yana miaka hamsini na moja. Nyinyi mnaoipenda baiskeli ni wazima. Mnakwenda sokoni na upepo unawapuliza. Mgonjwa hapendi baiskeli. Mgonjwa anapenda kufika."

Mzee Anacleto akapiga makofi. Hapo fundi Hildo akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa akiliogopa. "Bi Oscarina, siku ile ya Lourival. Ungekuwa na injini, ungefika?"

Nilikuwa nimeegemea ukuta wa nyuma, nimekunja mikono. Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka akiri mbele ya watu kwamba ni miguu yake.

"Hapana," alisema. "Miguu yangu haikuchelewa. Nilisimamishwa mara kumi na moja. Hata kwa injini, ningesimama mara kumi na moja."

"Na kina nani?" aliuliza Hildo.

"Nawajua mmoja mmoja. Siwataji."

Mzee Anacleto, yule aliyepiga makofi, akasimama tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Mmoja ni mimi. Guta langu lilikuwa katikati ya njia, nashusha kreti za soda. Nilikusikia, Oscarina. Nikasema nimalizie moja tu."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Na mimi. Nilidhani mnacheza."

Wakasimama wanne. Mimi niliwakazia macho mmoja baada ya mwingine, nikazishika sura zao.

Jioni hiyo mji ulikata shauri. Pikipiki hazitaingia. Lakini upande wa mto wa kila barabara utaachwa wazi, siku zote, iwe sikukuu iwe msiba. Na kengele ya mashua ikilia, kila aliye juu ya baiskeli anashuka na kusogea. Sheria hiyo mnaifuata hadi leo, wasikilizaji wapendwa, na vijana wengi hawajui ilitoka wapi. Ilitoka hapo.

Bi Oscarina hakufurahi sana. Alisikika akimwambia mumewe njiani, "Nimeomba injini, wamenipa barabara. Haya, nitaichukua barabara."

Majuma mawili baadaye aliletwa mkulima aliyeumwa na nyoka. Kengele ikalia. Wanaokumbuka wanasema barabara nzima ilishuka kama mtu mmoja, ikabana uzioni, kimya, na kigari kikapita kinasikika magurudumu tu juu ya mbao. Yule mkulima yuko hai, ana wajukuu. Na wako wengine wengi. Wenye kifafa, wenye pumu, walioanguka kutoka juu ya michikichi, kina mama wajawazito. Mnaonisikiliza mnajijua.

Siku moja baada ya mkutano nilimfuata Bi Oscarina nyumbani kwake. Sikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kudai majina.

"Waliosimama ni wanne," nikamwambia. "Nitajie saba waliobaki."

Alikuwa anatia grisi kwenye cheni. Hakuinua kichwa. "Ukiwajua utawafanya nini?"

"Niwajue tu."

"Valdecir, mji huu una barabara ngapi?"

Nikaitazama cheni mikononi mwake.

"Utapishana nao kila asubuhi ukienda kununua mkate, mpaka uzeeke. Niachie mimi hao saba. Mimi nimeshawazoea." Kisha akafuta mikono, akanimiminia kahawa. Sikuinywa. Nilitoka.

Ilinichukua miaka mitano kumsalimia vizuri. Mwaka 2006 mke wangu alishikwa na uchungu, na sikuwa na mwingine wa kumwita. Alikuja kabla sijamaliza kuvaa viatu. Akaniambia, "Wewe kimbia mbele upige kelele, una sauti." Nikakimbia mji mzima napiga kelele. Binti yetu alizaliwa salama, zahanati, kitandani. Na msimamizi wa redio hii alikuwa dirishani aliposikia sauti inapita. Kazi hii niliipata hivyo.

Baada ya hapo tukawa watu wa karibu. Aliponisikia hewani alinikosoa. "Taarifa ya vifo unaisoma mbio mno," aliniambia. "Wape watu nafasi ya kukumbuka."

Bi Oscarina alipofika miaka sitini na sita, watu walichanga, wakaagiza kutoka mji wa Macapá mota ndogo ya umeme, isiyotikisa mbao. Fundi Hildo alipima mwenyewe, akaridhika. Siku ya kwanza Bi Oscarina alikwenda gatini na kurudi, akashuka. Watu wakamuuliza, vipi? "Nzuri," alisema. "Ila inanitia aibu. Nafika na sitoki jasho, mgonjwa atadhani sikujitahidi." Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa ameisubiri injini hiyo miaka kumi na mitano.

Mwezi uliopita moyo wake ulianza kuchoka. Aliyempeleka zahanati ni bintiye, Marinalva, kwa kigari kile kile. Mji mzima ulishuka. Marinalva anasema mama yake alikuwa amelala chali, macho yamefumba, na bado anatoa maelekezo. "Hapo sokoni usifunge breki ghafla, mwanangu. Kuna mtu nyuma." Mtu mwenyewe alikuwa yeye.

Alhamisi akaondoka.

Ijumaa, baada ya maziko, nilikuwa nimekaa na Bi Zulmira kwenye zile ngazi. Alikuwa amenisimulia habari za baba yao na kasia. Kisha akaniuliza, "Wewe siku ile ya sikukuu ulivaa shati la njano?"

Nikamwambia sikumbuki.

"Oscarina aliniambia zamani. Akaniapisha nisiseme akiwa hai. Alisema yule mtoto wa Lourival alikuwa wa tisa. Shati la njano, msichana amekaa mbele kwenye mtalimbo wa baiskeli. Alisema, nilimpigia kengele hadi mkono ukauma. Akainua mkono, hivi, kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea katikati ya njia mpaka mbele ya kanisa."

Wasikilizaji wapendwa, shati hilo nilikuwa nalo. Msichana huyo alikuwepo. Na mkono ule naukumbuka. Nilisikia kengele nyuma yangu na sikugeuka, kwa sababu nilikuwa nimekunywa bia tatu na nilikuwa na furaha. Baba yangu alikuwa nyuma yangu, hatua chache.

Saa moja baadaye nilisimama mbele ya mwanamke huyo nikamwita muuaji. Alikuwa na jibu mdomoni. Lingenitosha maisha yangu yote. Akasema, "Pole, mwanangu."

Nilimuuliza Bi Zulmira kwa nini hakuniambia hata siku moja, hata tulipokuwa marafiki. Bi Zulmira alinishangaa. "Angekuambia ili iweje? Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Alisema huyu bado ana kazi ya kuzika baba yake, nisimzidishie mzigo."

Jana nilimwendea mama yangu, Bi Ormezinda. Ana miaka themanini na moja. Alikuwa anamenya kamba jikoni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kumenya.

"Vuta kiti," alisema.

Nikavuta. Akanisogezea bakuli, tukamenya pamoja mpaka kamba wote wakaisha. Kisha akanawa mikono, akaishika yangu ikiwa bado inanuka kamba. Alisema, "Mimi na wewe tumekula na kulala kwa amani miaka yote hii kwa sababu yule mama alinyamaza. Nenda kamshukuru Marinalva, maana mama yake hatusikii tena."

Nikaenda. Marinalva alikuwa nje anajaza upepo kwenye matairi ya kigari. Nilimwambia niliyokuja kumwambia. Alilia kidogo, nami nililia. Aliniambia mama yake alikuwa akizima kila kitu ndani ya nyumba ili asikilize kipindi changu. Kisha akanionyesha ubao wa zamu za kuendesha kigari uliotundikwa mlangoni. Kila siku ina jina la mtu. Jumanne ilikuwa ya mama yake, hata baada ya kuchoka hakukubali ifutwe.

"Utaweza?" aliniuliza. "Betri ikiisha ni miguu."

Nikamwambia nitaweza.

Kwa Marinalva, kwa Bi Zulmira, kwa wajukuu, na kwa Oscarino ambaye naye ni mtoto wa nyumba ile: Santa Iria yote inawapa pole. Tunamshukuru Mungu kwa maisha ya Bi Oscarina Lobato, aliyefariki Alhamisi saa tatu asubuhi. Tunawashukuru na ninyi mliotuazima mama yenu miaka thelathini.

Na sisi wengine, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja ajiulize. Kengele ngapi zimelia nyuma yangu nikainua mkono? Nani alikuwa amelala pale? Na ni nani aliyeniona, akaninyamazia, nikaendelea kuishi kama mtu mwema? Kama yuko hai, mwendee leo. Msichelewe kama mimi.

Mimi ni Valdecir Brabo, mtoto wa Lourival. Kuanzia wiki hii Jumanne ni zamu yangu. Nipisheni.